Wadie Haddad, daktari Mpalestina aliyetuma ndege ya mateka hadi Entebbe

Wasafiri wengi wa Bunia, Beni na Butembo wanaokwenda nje ya nchi wanapitia uwanja wa ndege wa Entebbe, nchini Uganda. Wengi hawajui kwamba mwezi wa sita mwaka wa 1976 ndege ya kampuni ya Air France ilitua hapo ikiwa na watu zaidi ya 250 waliotekwa angani, na kwamba juma moja lililofuata lilibadilisha maisha ya Waganda na Wakenya wengi ambao hawakuwa na neno lolote na vita vya Mashariki ya Kati. Mtu aliyepanga safari hiyo hakuwa ndani ya ndege. Alikuwa daktari wa miaka 49, Mkristo, baba wa familia, na wenzake walimwita Abu Hani. Jina lake la kweli ni Wadie Haddad.

Alizaliwa mwaka wa 1927 huko Safed, mji wa milimani katika Galilaya, wakati Palestina ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Jamaa yake walikuwa Waortodoksi wa Kigiriki. Jambo hili linashangaza watu wengi leo, kwa sababu wanafikiri kila Mpalestina mwenye bunduki alipigana kwa ajili ya dini. Haddad hakupigania dini. Alipigania ardhi na taifa.

Mwaka wa 1948 taifa la Israeli lilipoundwa na vita vikaanza, Wapalestina wapatao 700.000 walikimbia ao kufukuzwa kwao. Jamaa ya Haddad ilikuwa kati yao, ilikimbilia Lebanon. Kijana Wadie alikuwa na umri wa miaka 21. Mtu wa Ituri ao wa Kivu hahitaji kuelezwa maana ya kufunga mlango wa nyumba ukifikiri utarudi juma lijalo, kisha miaka inapita.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut. Pale alikutana na mwanafunzi mwingine wa udaktari, George Habash, mzaliwa wa Lydda, yeye pia Mkristo Mwortodoksi, yeye pia mkimbizi. Urafiki wao ulidumu hadi siku ya kifo, hata wakati siasa iliwatenganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa kati ya waanzilishi wa Harakati ya Wazalendo wa Kiarabu, ambayo ilitaka nchi zote za Waarabu ziungane, kwa sababu waliamini kwamba Palestina haitakombolewa na Wapalestina peke yao.

Madaktari hawa wawili walihamia Amman, mji mkuu wa Yordani, wakafungua kliniki ya kutibu maskini na wakimbizi. Baadaye Haddad alifanya kazi ya udaktari katika kambi, chini ya shirika la Umoja wa Mataifa linalosaidia wakimbizi wa Palestina, UNRWA. Mchana alitibu, usiku alifanya siasa. Mwaka wa 1957 Mfalme Hussein alianza kuwakamata wapinzani, na Haddad akafungwa kwa miaka kadhaa katika gereza la Jafr, jangwani. Alipopata kutoka, mwaka wa 1961, alikwenda Siria. Kazi ya kutibu watu iliishia hapo.

Mwezi wa sita 1967 majeshi ya Misri, Siria na Yordani yalishindwa na Israeli kwa siku sita tu. Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu ya mashariki vikachukuliwa. Kwa Habash na Haddad, ndoto ya kukombolewa na majeshi ya ndugu Waarabu ilikufa siku hizo. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo wakaunda Chama cha Watu cha Ukombozi wa Palestina, kinachojulikana kwa herufi PFLP. Habash akawa uso wa chama. Haddad akapewa kazi isiyoonekana: kupanga mashambulizi nje ya Palestina.

Mawazo yake yalikuwa rahisi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Aliona kwamba wapiganaji wachache hawawezi kushinda jeshi la Israeli kwenye mpaka. Lakini ndege moja ya abiria ikitekwa, dunia nzima inasimama na kuuliza Palestina ni nini. Tarehe 23 mwezi wa saba 1968, watu wake watatu waliteka ndege ya kampuni ya Israeli, El Al, iliyokuwa ikitoka Roma, wakailazimisha itue Algiers. Waisraeli wa mwisho walishikiliwa kwa majuma kadhaa, hadi Israeli ilipokubali kuwaachilia wafungwa wa Kiarabu. Kwa Haddad huo ulikuwa ushahidi kwamba njia yake inafanya kazi. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, msichana mmoja wa miaka 25, Leila Khaled, mkimbizi wa Haifa, alisaidia kuteka ndege ya kampuni ya Kimarekani TWA hadi Damasko. Picha yake akiwa na bunduki ilizunguka dunia.

Israeli nayo ilimtafuta. Mwezi wa saba 1970, roketi zilipiga nyumba yake mjini Beirut usiku. Yeye alipona, lakini mke wake na mtoto wao wa kiume waliumia. Tunataja jambo hili si kwa kumwonea huruma tu. Miezi miwili kisha, mtu huyu aliyeona damu ya mtoto wake aliweka mamia ya watu wengine, pamoja na watoto, katika jangwa la Yordani.

Ilikuwa tarehe 6 mwezi wa tisa 1970. Siku moja, watu wa Haddad walijaribu kuteka ndege nne. Mbili, ya TWA na ya Swissair, zilipelekwa katika uwanja wa zamani wa kijeshi karibu na Zarqa, unaoitwa Dawson's Field. Ya tatu, ya Pan Am, ilikuwa kubwa sana kwa uwanja huo; ilipelekwa Kairo na kulipuliwa watu walipokwisha kushuka. Ya nne ilikuwa ya El Al, na hapo mpango ulivunjika: mwenzake Leila Khaled, Patrick Argüello, aliuawa, na Khaled mwenyewe akakamatwa London. Siku tatu kisha, ndege ya Uingereza ilitekwa ili kudai aachiliwe. Tarehe 12, mbele ya wapiga picha, ndege tatu zililipuliwa jangwani zikiwa hazina watu ndani. Mateka wote mwishowe walitoka wakiwa hai, na Khaled akaachiliwa na Waingereza.

Ukihesabu hivyo tu, utasema Haddad alishinda. Lakini bei ililipwa na watu wengine. Mfalme Hussein aliona kwamba makundi yenye silaha yamekuwa serikali ndani ya serikali yake. Habash, kiongozi wa chama, alikuwa mbali, safarini Korea ya Kaskazini. Katikati ya mwezi huo jeshi la Yordani lilianza kupiga kambi za Wapalestina za Amman na kwingineko kwa mizinga na vifaru. Watu walikufa kwa maelfu. Wapalestina wanaita mwezi huo Septemba Nyeusi. Kufikia mwaka wa 1971 wapiganaji wote walikuwa wamefukuzwa Yordani, nchi yenye mpaka mrefu kuliko yote na Israeli. Wakimbizi waliokufa kambini hawakuulizwa kama wanataka ndege zitekwe.

Ndani ya PFLP yenyewe mabishano yakaanza. Kulikuwa na wale waliosema kuteka ndege kunawapotezea Wapalestina marafiki, na Habash polepole akaelekea upande huo. Haddad alikataa. Mwezi wa pili 1972 watu wake waliteka ndege ya Lufthansa iliyotoka Delhi na kuipeleka Aden, katika Yemen ya Kusini. Ujerumani ya Magharibi ikalipa dola milioni 5. Mtu mwenye pesa zake mwenyewe hana tena lazima ya kuomba ruhusa kwa chama. Sisi wa mashariki mwa Congo tumeona mara nyingi namna kundi moja linazaa lingine: komanda mmoja anapata njia yake ya pesa na silaha, kisha ofisi kuu haina nguvu tena juu yake.

Tarehe 30 mwezi wa tano mwaka huohuo, Wajapani watatu walishuka katika uwanja wa ndege wa Lod, karibu na Tel Aviv, wakachukua mizigo yao, wakatoa bunduki na kufyatulia watu ovyo. Watu 26 waliuawa. Kumi na saba kati yao walikuwa wahujaji Wakristo wa Puerto Rico, waliofika kuona nchi takatifu. Haddad ndiye aliyeandaa shambulizi hilo pamoja na Jeshi Jekundu la Japani, kwa sababu alijua Mjapani hatashukiwa. Hakuna dai lililotolewa, hakuna mfungwa aliyetakiwa kubadilishwa. Waliua, basi. Mbele ya miezi miwili kupita, mwandishi mkubwa Ghassan Kanafani, msemaji wa PFLP, aliuawa Beirut kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake, pamoja na binti wa dada yake mwenye miaka 17.

Toka hapo njia zikaachana. Kundi la Haddad likajulikana kama PFLP Operesheni za Nje, lenye ofisi Baghdad na kambi za mafunzo karibu na Aden. PFLP ya Habash ikatangaza kwamba haina tena mkono katika kazi zake, na mwishowe ikamwondoa katika chama. Wawili hao hawakutukanana hadharani.

Nani alimpa silaha? Iraki na Yemen ya Kusini zilimpa mahali pa kukaa. Na kufuatana na nyaraka za upelelezi wa Urusi ya wakati ule, zilizotolewa nje ya nchi na Vasili Mitrokhin, mtunza makaratasi wa KGB, Haddad alihesabiwa na KGB kuwa mtu wake toka mwaka wa 1970. Nyaraka hizo zinaeleza hata namna meli ya Kisovieti ilimkabidhi silaha baharini, karibu na Aden, usiku. Moscow mbele ya watu ililaani utekaji wa ndege.

Alivuta pia vijana wa nchi nyingine, Wajerumani zaidi, na Mvenezuela mmoja, Ilich Ramírez Sánchez, anayejulikana kama Carlos. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1975, Carlos na wenzake watano waliingia katika mkutano wa mawaziri wa nchi zinazouza petroli, OPEC, huko Vienna. Watu watatu waliuawa, na mawaziri wakapelekwa Algiers kama mateka. Inajulikana kwamba amri ilikuwa kuwaua waziri wa Saudia na wa Irani. Carlos hakuwaua. Aliwaachilia baada ya mapatano, na watu wengi wanasema pesa nyingi zililipwa. Haddad alikasirika akamfukuza. Alikuwa mtu asiyependa sifa, anayekaa kimya na kubadilisha nyumba. Hakuweza kuvumilia mwanafunzi aliyependa magazeti kuliko amri.

Mwezi uliofuata vita vyake vikafika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa kwanza 1976, polisi wa Kenya waliwakamata Wapalestina watatu waliokuwa Nairobi na makombora ya kubeba begani, tayari kuangusha ndege ya El Al iliyokuwa inakuja kutua. Wajerumani wawili, mwanamume na mwanamke, walipofika kuulizia mpango umeendaje, nao wakakamatwa. Wote watano walipelekwa Israeli kwa siri. Kenya ilikataa kwamba iliwahi kuwa nao.

Watu hao watano ni sababu moja ya habari ya Entebbe, na mara nyingi inasahauliwa. Tarehe 27 mwezi wa sita, Air France namba 139 ilitoka Tel Aviv kwenda Paris, ikasimama Athene, na pale walipanda Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann, pamoja na Wapalestina wawili. Ndege ikatekwa, ikanywa mafuta Benghazi, Libya, kisha ikatua Entebbe tarehe 28. Pale wenzao wengine walikuwa wanawangojea, na Rais Idi Amin akawapokea kama wageni. Walidai wafungwa 53, wengi wao wakiwa Israeli, lakini pia watano waliosema wako Kenya.

Katika jengo la zamani la uwanja, Waisraeli walitengwa na wengine. Wajerumani wakiwatenga Wayahudi kwa kusoma majina na pasipoti, miaka 31 tu toka mwisho wa vita vya Hitler: hakuna kitu kilichoharibu jina la harakati hiyo kuliko picha hiyo. Abiria wasio Waisraeli waliachiliwa kwa makundi mawili. Rubani Mfaransa Michel Bacos na wafanyakazi wake walikataa kuondoka, wakabaki na mateka waliosalia. Wote walikuwa 106.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 mwezi wa saba, ndege nne za kijeshi za Israeli zilitua Entebbe baada ya kuruka kilometa karibu 4.000. Katika muda wa saa moja na nusu hivi kazi ilikwisha. Mateka 102 walirudishwa kwao. Watatu waliuawa katika mapigano. Watekaji wote waliokuwa pale walikufa, na Yonatan Netanyahu, kiongozi wa kikosi kilichoshambulia, akafa pia. Askari wa Uganda waliouawa walikuwa makumi. Majina yao hayasomwi katika sherehe za mtu yeyote.

Mateka mmoja, bibi Dora Bloch, mwenye zaidi ya miaka 70, alikuwa amepelekwa hospitali mjini Kampala. Watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Na kwa sababu ndege za Israeli zilipata mafuta Nairobi wakati wa kurudi, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, wafanyakazi na wachuuzi, waliwindwa na kuuawa. Wengine walivuka mpaka na nguo walizovaa tu. Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa Kenya, aliuawa mwaka wa 1978 kwa bomu ndani ya ndege yake akitoka kumwona Amin. Hadi tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1980, Haddad akiwa amekwisha kufa, bomu liliua watu karibu 20 katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, na polisi wa Kenya walishuku mtu mwenye uhusiano na PFLP. Chama hicho kilikataa.

Haddad hakuacha. Tarehe 13 mwezi wa kumi 1977, watu wake wanne waliteka ndege ya Lufthansa yenye jina Landshut, iliyotoka kisiwa cha Mallorca na watalii. Walijiita kwa jina la vita la Brigitte Kuhlmann, yule aliyekufa Entebbe. Walidai wafungwa wa kundi la Jeshi Jekundu la Ujerumani, Wapalestina wawili waliofungwa Uturuki, na dola milioni 15. Ndege ilizunguka Roma, Kipro, Bahrain, Dubai, kisha Aden. Pale, rafiki zake wa Yemen waliweka magari njiani ili isitue. Rubani Jürgen Schumann alilazimika kuishusha mchangani. Alishuka kuangalia magurudumu, akakawia kurudi. Aliporudi, kiongozi wa watekaji alimpiga magoti na kumpiga risasi mbele ya abiria. Rubani msaidizi akairusha ndege hadi Mogadishu, maiti ya mwenzake ikiwa ndani. Rais Siad Barre akawaruhusu Wajerumani, na usiku wa kuamkia tarehe 18 kikosi chao kikaingia. Mateka wote 86 waliokoka. Watekaji watatu walikufa, na mwanamke mmoja alipona akiwa na majeraha.

Kwa Haddad, Mogadishu lilikuwa pigo la mwisho. Alianza kuugua huko Baghdad, akikonda, bila madaktari kuelewa ugonjwa. Alipelekwa Berlin ya Mashariki, katika hospitali ya serikali, chini ya ulinzi wa polisi wa siri wa Ujerumani ya Mashariki. Yeye aliyekuwa daktari aliangalia mwili wake ukivuja damu bila kukoma. Alikufa mwishoni mwa mwezi wa tatu 1978, akiwa na miaka 50 tu. Ilitangazwa kuwa kansa ya damu.

Miaka mingi kisha, waandishi wawili Waisraeli walieleza kwamba ilikuwa kazi ya Mossad. Mmoja aliandika kwamba sumu ilitiwa ndani ya chokoleti za Ubelgiji alizozipenda. Mwingine, kwamba ilikuwa ndani ya dawa yake ya meno. Hawakubaliani juu ya njia, lakini wote wawili wanasema ni sumu, na kwamba ilitolewa na mtu wa karibu naye.

Alizikwa Baghdad, na Habash alikuwa kati ya waliomsindikiza. Kundi lake halikuishi bila yeye. Liligawanyika: wengine wakaunda kundi la Mei 15 chini ya fundi wa mabomu Abu Ibrahim, wengine PFLP Kamandi Maalum, na Carlos tayari alikuwa na watu wake. Carlos alikamatwa Khartoum mwaka wa 1994 na kufungwa Ufaransa. Habash alikufa Amman mwezi wa kwanza 2008, katika mji uleule ambako yeye na Haddad walifungua kliniki ya maskini.